Ripoti ya Jirani

Saa nne kamili asubuhi ubao wa meza ulianza kuumuka. Kwanza kilijitokeza kijiti, kisha vichipukizi vitatu juu ya kijiti hicho, kila kimoja na magamba yake, mpaka mbele ya Nyemo Chalula pakawa na tawi zima la mti wa aprikoti. Rangi yake ilikuwa ya kijivu kama ubao wenyewe, lakini ukiligusa unasikia mikwaruzo ya gome. Tawi halisi lilikuwa mbali sana na Dodoma. Lilikuwa limelazwa juu ya meza nyingine, katika shule ya kijiji kimoja cha milima ya Pamiri, Asia ya Kati, na msichana aliyelilaza alikuwa akitazamana na Nyemo katika kioo kilichosimama katikati ya meza.

Hiyo ndiyo iliyoitwa meza pacha. Mwaka 2091 kila shule ya sekondari ya jiji la Dodoma ilikuwa nazo. Ukiweka kitu upande huu, ubao wa upande ule unatoa umbo lake. Ukichora mstari kwa kidole, mwenzako anauona mstari ukiinuka chini ya mkono wake. Kila mwanafunzi alipewa jirani mmoja katika nchi nyingine, akakaa naye mezani saa moja kila Jumanne kwa miaka miwili. Somo lenyewe lilikuwa Ujirani wa Dunia, na asiyelifaulu hakwenda chuo kikuu. Wakubwa walikuwa wamechoka kuona vijana wanamaliza shule wakiijua dunia kwa ramani tu.

"Habari za huko, Gulnor?" aliuliza Nyemo.

"Salama tu. Za Dodoma?"

"Nzuri kabisa. Haya, naona vichipukizi vyako vimeamka."

"Viwili vimeamka jana. Cha tatu bado kinalala. Mzabibu wako je?"

Kazi yao ya miaka miwili ilikuwa hiyo: kulinganisha jinsi mti wa aprikoti wa milimani na mzabibu wa Dodoma inavyojua kwamba majira yamebadilika. Waliifanya vizuri. Nyemo alikuwa na miaka kumi na saba, makini, mwenye mwandiko wa kupendeza na wepesi wa kununa, na alijivunia kwamba hakuna jozi nyingine shuleni iliyokuwa na vipimo vingi kama vyao.

Gulnor hakujua Kiswahili hata neno moja, wala Nyemo hakujua lugha ya Gulnor. Kati yao kilikaa chombo kidogo, saizi ya kiberiti, kilichopachikwa chini ya kioo. Mafundi walikiita kipatanishi. Mkalimani wa zamani alibeba maneno tu. Kipatanishi kilibeba na adabu. Kila mmoja alimsikia mwenzake akizungumza kama mtu wa kwao, kwa sauti yake mwenyewe, na kioo kilichezesha hata midomo ya picha ili ifuatane na maneno. Macho hakikuyagusa, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba macho nayo yanahitaji kufasiriwa.

Mwezi wa tano mjomba wake Nyemo, Chiteme, alianguka shambani kwake kwenye zabibu na hakuinuka tena. Huyu ndiye aliyemlea Nyemo tangu baba yake alipoondoka, aliyempeleka shule siku ya kwanza akiwa amembeba mabegani. Walimzika Ijumaa. Jumanne iliyofuata Nyemo alirudi shuleni, macho yamevimba, kichwa kizito, akakaa mezani kwa sababu hakujua akae wapi pengine.

"Habari za nyumbani?" aliuliza Gulnor.

"Salama," alijibu Nyemo. Hivyo ndivyo mtu wa kwetu anavyojibu. Hata maiti ikiwa ndani na watu wamejaa uani, husema salama kwanza, halafu ndipo aseme lililopo. "Salama, ila tumefiwa, Gulnor. Mjomba wangu amefariki Alhamisi."

Gulnor alimtazama kwa muda mrefu.

"Vizuri," alisema. "Hata kwetu salama. Wewe hujambo?"

Nyemo alidhani hakusikia sawasawa. "Nimesema tumefiwa."

"Vizuri. Hujambo lakini?"

"Sijambo," alisema Nyemo, na sauti yake ilikuwa kavu. Akafungua daftari la vipimo.

Hapa Dodoma pole hutolewa kwa mtu aliyejikwaa, aliyepiga chafya, aliyebeba ndoo, aliyechelewa kula. Anayeinyima kwenye msiba hahesabiwi kuwa mtu. Jioni ile Nyemo alimweleza mama yake huku akilia upya.

"Labda kwao hawasemi, mwanangu," alisema mama. "Kila watu na mila zao."

"Pole tu, mama! Hata roboti la kufagia barabara ukiteleza linakwambia pole. Miaka miwili nakaa na mtu, ananiuliza hujambo kana kwamba nimemwambia mvua imenyesha!"

Kuanzia siku hiyo aliongea na Gulnor mambo ya vichipukizi peke yake. Gulnor aliendelea kumtazama kwa macho yale yale marefu, na Nyemo aliyaona macho hayo kuwa ya mtu asiye na moyo.

Mwisho wa mwezi wa sita uliwadia wakati wa ripoti ya jirani. Kila mwanafunzi aliandika kurasa mbili juu ya maisha ya mwenzake, na ripoti hizo hazikuishia kwa mwalimu. Zilipelekwa kwenye Shirika la Makazi ya Watu, lililogawa mitambo ya joto, visima na madaktari kwa vijiji vya dunia nzima. Shirika lilikuwa limegundua kwamba setilaiti huona mapaa, haioni waliomo ndani, na kwamba ofisi za serikali huandika zinachotaka kisomwe. Lakini kijana wa miaka kumi na saba, aliyekaa na mwenzake uso kwa uso miaka miwili, atadanganya ili apate nini? Kwa hiyo neno la jirani lilipewa uzito mkubwa kuliko yote.

Nyemo aliandika usiku mmoja tu, bila kufuta neno. *Jirani yangu hana shida yoyote. Kwa miaka miwili sijamsikia akitaja njaa, ugonjwa wala msiba. Kwao kila siku ni salama.* Kila neno lilikuwa la kweli, angeweza kuliapia. Lakini alipokuwa akiandika alisikia raha fulani chungu kifuani, raha ya kumlipa mtu, na aliijua raha hiyo ni ya nini.

"Umeandika kama mtu mzima," Mwalimu Lugendo, aliyefundisha Ujirani wa Dunia shuleni hapo, alimwambia Nyemo. "Wengine wanaremba, wanalia lia. Wewe umesema ulichosikia." Akampa alama ya juu kuliko wote, na jina lake likapelekwa kwa ajili ya nishani ya Kijana wa Dunia, itakayotolewa mbele ya meya mwezi wa kumi na moja. Meza zikafungwa kwa mapumziko ya miezi mitatu, ingawa masomo mengine yaliendelea.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mchana, mtu alipiga hodi nyumbani kwao Nkuhungu. Alikuwa mwanamke kijana mwenye kitambulisho cha Shirika la Makazi, jina lake Rehani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Asante. Nimekuja kumwangalia Nyemo."

Mama akashtuka. "Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, mama. Kuna mtu ameomba aangaliwe. Sheria inatutaka twende kila panapoombwa, nasi tumechelewa; tuwie radhi." Akamgeukia Nyemo. "Jirani yako wa Pamiri naye aliandika ripoti juu yako. Walimfelisha, maana walitaka kurasa mbili, yeye kaandika mistari saba. Lakini ofisini kwetu tuliisoma."

Akaifungua karatasi, akasoma taratibu.

"*Jirani yangu Nyemo huniambia siku zote kwamba nyumbani kwao ni salama. Jumanne moja ya mwezi wa tano alikuja macho yamevimba. Nilimwambia macho yako mekundu, kuna nini? Akanijibu salama. Nikauliza tena, akanijibu hajambo. Siamini. Nafikiri amepatwa na jambo kubwa na hawezi kulisema mbele ya chombo kile. Siwezi kuandika mengine juu yake mpaka nijue. Naomba mtu aliye karibu aende kwao amwangalie.*"

Rehani akauliza maswali yake: kuna aliyeumwa, kuna aliyefariki, mnakula mara ngapi. Mama ndiye aliyejibu yote. Rehani alipofika kwenye habari za mjomba aliweka kalamu chini, akasema, "Poleni sana," na mama akasema, "Tumeshapoa, mwanangu." Nyemo alikuwa anajaribu kukumbuka ni lini yeye alimtazama Gulnor machoni akajiuliza lolote, na hakuipata siku hiyo.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Nyemo. Mbona mapema?"

"Naomba kusikia sauti ghafi za vikao vyangu."

Sheria ilimruhusu. Kila neno lililosemwa mezani lilihifadhiwa kama lilivyotoka mdomoni, kabla kipatanishi hakijaligusa, ila katika miaka tisa hapajatokea mwanafunzi aliyeomba kusikia. Mwalimu Lugendo alikuwa mtu mwema, mwenye mashavu ya kucheka, na hakuona sababu ya kukataa. Akaziunganisha sauti na mkalimani mkavu, mashine ya kizamani ya mahakamani inayofasiri neno kwa neno bila adabu yoyote, wakaketi wote wawili kusikiliza.

Walianza na mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliopita. Ilisikika sauti ya Nyemo ikiuliza habari za huko, kisha Gulnor akaongea kwa lugha yake, na mkalimani akafuata kwa sauti yake ya bati: "Mtambo wa joto wa kijiji umekufa tena. Tunalala wote chumba kimoja, sisi na mbuzi."

Ikafuata sauti ya Nyemo: "Na sisi hatujambo. Haya, tuanze."

Mwezi wa kumi na mbili: "Firdavs anakohoa. Mdogo wangu. Ana miaka sita. Daktari hawezi kupanda huku kwa sababu ya theluji."

"Afadhali. Umeleta vipimo vya wiki jana?"

Mwezi wa kwanza, Jumanne ya tatu. "Nyemo, tumemzika Firdavs jana. Ardhi ilikuwa imeganda. Baba na wajomba wamechimba siku mbili."

"Vizuri sana!" ilisema sauti ya Nyemo, changamfu, na baada yake kikasikika kicheko chake mwenyewe, kwa sababu siku ile rafiki yake wa meza ya nyuma alikuwa ameangusha chupa ya wino.

Nyemo aliziba masikio. Mwalimu akanyoosha mkono akazima.

"Mimi nilisikia salama," alisema Nyemo. "Mwalimu, naapa, nilisikia salama."

"Najua ulichosikia." Mwalimu Lugendo alivua miwani. Mashavu yake hayakuwa yakicheka tena. "Kwa sababu mimi ndiye niliyekifundisha chombo kile. Ulipokuwa mdogo, meza hizi zilipoanza, watoto wetu walikuwa wanatoka darasani wanalia. Wenzao wanakaa tu na kuanza kazi, bila hata umeamkaje. Wetu wakasema tunadharauliwa. Jozi zikavunjika, wengine wakatukanana. Basi ikaundwa kamati, tukasema chombo kifundishwe salamu. Lolote litakalosemwa juu ya nyumbani, afya au familia kilichukulie kuwa salamu, na kila upande usikie salamu ya kwao. Mafundi wakaniuliza, huku kwenu mtu akiulizwa habari za nyumbani anajibu nini? Nikawaambia, anajibu salama."

"Na baada ya hapo?"

Mwalimu alifuta miwani kwa pindo la shati.

"Watu hawaishii hapo, mwalimu. Mimi mwenyewe sikuishia hapo. Nilimwambia tumefiwa, na yeye akasikia salama peke yake."

"Nilisahau," alisema mwalimu. "Nimesalimiana hivyo maisha yangu yote, na siku ya kuulizwa nikasahau nusu nzima."

Nje kengele ililia na wanafunzi wakapita wakipiga kelele. Hatimaye Nyemo alisema anataka kuifuta ripoti yake.

"Nishani itakwenda nayo," alisema Mwalimu Lugendo.

"Iende."

"Na Shirika watauliza kwa nini, na wakiuliza watafika kwangu. Chombo hiki kimo katika shule mia moja na arobaini." Alisema hivyo bila kumtazama, kama anayezungumza na meza. Kisha akavuta karatasi mbili kutoka kwenye droo, akampa Nyemo moja. "Wewe andika yako. Mimi naandika yangu."

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Shirika liliwashukuru. Vipatanishi vyote vya jiji vingezimwa na kutengenezwa upya. Ama kuhusu kijiji cha Pamiri, mgawo wa mitambo ya joto ulikuwa umekwisha kutiwa saini mwezi wa saba; kijiji kiliwekwa kundi la tatu, linaloweza kusubiri mwaka mmoja, *kwa kuzingatia ushahidi wa jirani kwamba hapana ugonjwa wala msiba*. Maombi ya kuangaliwa upya yamepokelewa na yatasikilizwa mwezi wa tatu. Mwisho wa barua ilielezwa kwamba, kwa ajili ya uwazi, ripoti ya kila jirani hutafsiriwa na kubandikwa kwenye mlango wa shule ya kijiji kinachohusika.

Nyemo aliisoma barua mara nyingi. Baridi ya kule huingia mwezi wa kumi na huondoka wa nne. Hilo alilijua kwa usahihi kuliko mtu yeyote Dodoma, kwa kuwa alilipima miaka miwili kwa vichipukizi. Na Gulnor amekwisha kuisoma ripoti ya Nyemo mlangoni, kila siku akiingia darasani.

Kilibaki kikao kimoja tu, cha kuagana, wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Mwalimu alimwambia atamwekea mkalimani mkavu. Nyemo alikataa. Kosa lile alitaka kulibeba kwa mdomo wake, na aliona haya kuituma mashine nyingine imwombee radhi. Akaenda kwenye maktaba ya lugha kila siku baada ya masomo, siku kumi na nane, akajifunza sentensi tisa za lugha ya Gulnor. Pole haikuwa na neno lake moja huko, ilikuwa ni dua ndefu ya kumtakia marehemu mahali pema, na ndiyo iliyompa taabu zaidi. Aliirudia bafuni, aliirudia njiani, mama yake akaanza kuijua.

Jumanne ilipofika alikaa mezani nusu saa kabla. Hakuwa na hakika kama kioo kitaonyesha mtu. Saa nne kilipowaka, Gulnor alikuwa pale, amevaa koti zito lililofungwa mpaka kidevuni, uso umepungua. Hakutabasamu. Mwalimu Lugendo alikichomoa kipatanishi kwa mkono wake, akatoka nje na kuufunga mlango.

Nyemo akasema. Mimi niliandika ripoti ile. Ripoti si ya kweli. Nilikuwa na hasira nawe. Sikukusikia. Firdavs amekufa. Sikukupa pole. Kisha ile dua, yote, akikwama mara mbili na kurudi nyuma. Nimeandika tena kwa Shirika. Nisamehe.

Gulnor alisikiliza mpaka mwisho. Aliposikia jina la mdogo wake aliinamisha kichwa, na alipokiinua macho yake yalikuwa yamejaa. Nyemo alisubiri aondoke au afoke. Vyote viwili alikuwa amevitegemea, na aliona vyote viwili ni haki.

Gulnor akauliza swali fupi.

Nyemo hakulielewa. Gulnor akalirudia, polepole, akimnyooshea kidole. Kisha akagusa chini ya macho yake mwenyewe, akavuta vidole mpaka mashavuni, akamwonyesha Nyemo tena, akalaza kiganja shavuni na kufumba macho kama mtu aliyelala. Akayafumbua, akangoja.

Alikuwa anauliza nani. Siku ile ya mwezi wa tano, kwenu, alikufa nani.

Nyemo alianza kulia. Katika sentensi zake tisa hapakuwa na hata moja ya kujibu hilo. Zote alizitunga za kuomba, hakufikiri kwamba ataulizwa juu ya msiba wake. Alijifuta kwa mkono wa shati na kuanza kuchora mezani kwa kidole. Alichora mwanamke, na chini yake msichana, akajigusa kifua. Pembeni ya mwanamke alichora mwanamume, akawaunganisha wawili hao kwa mstari mmoja kwenda juu, kwa mama mmoja. Upande wa pili mistari iliinuka chini ya mkono wa Gulnor. Gulnor akaifuata kwa ncha ya kidole, kutoka kwa msichana kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda pembeni, akafika kwa yule mwanamume na kusimama hapo.

Akatamka neno moja. Nyemo akalirudia vibaya. Gulnor akatikisa kichwa na kulitamka tena, kwa upole, kama anavyofundishwa mtoto, na Nyemo akalirudia tena, na tena, mpaka akapata neno la kumwita mjomba wake kwa lugha ile. Na kila Gulnor alipolitamka, mvuke mweupe ulimtoka mdomoni, humo humo ndani ya darasa, na Nyemo aliutazama ukipanda na kupotea, akijua kwamba baridi ile aliiandika yeye kwa mkono wake.